Kampuni Iliyoliwa kwa Chumvi

Naapa kwa maji ya Sabaki niliyooga utotoni, na Sabaki si mto wa kuapiwa ovyo maana mamba wake wana masikio: haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta. Wanaonijua hapa Malindi watacheka wakisoma hivyo. Na wacheke. Hii si ile habari ya papa aliyenifuata hadi mlangoni kudai ndoana yake. Hii ni habari ya Simeon Mwambire wa Ganze, aliyekuwa amelazwa katika chumba cha maiti mjini Kilifi akingojea kaburi ambalo majirani zake walikataa kulichimba.

Kavata alifika Kilifi asubuhi kwa gari la Mamlaka ya Hisa, gari kuukuu ambalo mbuzi wa Mariakani walilipita, kisha wakageuka kulipa pole. Alikuwa mpelelezi, mwanamke wa Kitui mwenye maneno machache na macho yasiyochoka, na kazi yake ilikuwa kuwasaka watu wanaouza hisa za kampuni zisizokuwepo. Nje ya ofisi ya upelelezi alimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi. Alikuwa amejitanda leso, mikono ameilaza mapajani kama vitu alivyoachiwa na mtu amtunzie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mgeni wa Nairobi?"

"Ndimi."

"Mimi ni Kahaso. Huyo mnayemwita mshukiwa ni mwanangu."

Kavata akaketi kando yake. Mama Kahaso hakumgeukia. Alisema akiutazama ukuta wa mbele.

"Sikuja kuomba pesa, wala kesi siitaki. Simeon hajazikwa. Wazee wa kwetu wametuma neno kwamba jembe la kijiji halichimbi kaburi la mwizi. Mume wangu alitangulia, na mwana wa kiume nilikuwa naye huyo tu. Sasa nitafutie jambo moja, mwanangu. Aliiba au hakuiba? Kama aliiba, niambie, nitamchimbia mwenyewe kwa kucha hizi. Kama hakuiba, waambie wao."

"Nitakuambia, mama. Lolote litakalokuwa."

"Lolote," mama akaitikia.

Ndani, Sajini Thuku alikuwa ameshaliweka faili mezani na kalamu juu yake. Alikuwa mtu wa Nyeri, mpana wa mabega, na jua la pwani lilikuwa halijamsamehe hata baada ya miaka mingi ya kuishi huku.

"Madam, karibu. Hii kesi imekwisha," alisema. "Mshukiwa amekufa. Wewe weka sahihi, mimi niweke yangu, urudi Nairobi kabla jua halijawa kali."

"Limeshakuwa kali."

"Basi tuharakishe."

Yapasa msomaji aelewe kwa nini sajini wa polisi alihitaji sahihi ya mtu wa hisa. Mamlaka ile haikuwa na miguu ya kufika kila kijiji, kwa hivyo ilikuwa imeazima miguu ya wengine. Iliandikiana mkataba na Chuo cha Ufundi cha Mkwajuni, hapo Kilifi, ili chuo kiwaandae walimu wa kwenda vijijini kuwafunza watu hisa ni nini na tapeli ni nani. Makanisa na misikiti ikatoa pa kukalia. Polisi nao wakatia mkataba wao: wao wangekamata, Mamlaka ingechunguza, na faili lisingefungwa pasipo sahihi za pande zote mbili. Simeon Mwambire alikuwa mmoja wa walimu hao. Alifundisha katika kanisa moja la udongo, ndani kabisa ya Ganze.

Thuku akavuta sanduku la vielelezo. Akatoa fulana ya kijani yenye nembo ya mafunzo, imechanika begani na kukauka kwa kitu ambacho Kavata hakuuliza ni nini. Kisha akaumwaga mezani mfuko wa korosho mbichi, zingali na maganda yake ya kijivu. Kila moja ilikuwa na tone jekundu la rangi.

"Hizi ndizo hisa zenyewe," alisema Thuku. "Kampuni inaitwa Korosho Njema. Haipo popote. Korosho moja ni hisa moja. Amewauzia watu wa Junju, wale wa kutoka bara, wenye maduka na vibarua. Wamegundua wameibiwa, wamemwona akipita na hii fulana na huu mfuko, wakamfundisha adabu. Adabu ikapita kipimo."

"Waliompiga wako wapi?"

"Wametawanyika. Hao nitawapata, usijali."

"Nani alimtambua Simeon kuwa ndiye muuzaji?"

"Mama mmoja wa mboga, Nyaboke. Alinunua. Nilimwonyesha hii fulana akasema ndiyo hii."

"Ulimwonyesha fulana. Na uso?"

Thuku alizikusanya korosho moja moja akazirudisha mfukoni.

"Madam, uso haukuwa wa kuonyeshwa."

Kavata aliichukua ile kalamu juu ya faili, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hiyo ni kalamu yangu," alisema Thuku.

"Nitakurudishia tukiwa tayari kuitumia. Kwanza nataka kuona alifundishaje."

"Wanafunzi wake watamtetea. Ni wa kwao."

"Majirani wa kwao wamekataa kumzika, sajini. Sioni huko utetezi mwingi."

*

Njia ya Ganze siku hizo ilikuwa na vumbi ambalo mtu akipiga chafya Bamba, aliye Ganze hujibu "afya." Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa ya magotini, na wanawake walikuwa wakirudi na madumu kutoka mahali ambapo Kavata hakupaona, maana palikuwa mbali kuliko macho.

Kiongozi wa darasa la Simeon aliitwa Pola. Alikuwa mama wa makamo, mkulima, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimkaribisha Kavata ndani ya kanisa, akamfutia benchi kwa pindo la leso. Kavata aliona kitu Pola alipokuwa akiongea: pembeni mwa mdomo wake palikuwa na doa jeusi, kama mtu aliyebusu kaa la moto. Hakuuliza. Aliuliza la kazi.

"Korosho zenye rangi zilianzaje?"

"Simeon alikuja na kitabu chenu," alisema Pola. "Kitabu kinasema, 'Tuchukue kampuni fulani.' Mzee mmoja wa kanisa akauliza, fulani ndiye nani na kwao ni wapi? Tukacheka. Wiki iliyofuata Simeon akaja na mfuko wa korosho. Akasema, haya, kampuni imepata jina, ni Korosho Njema, na kila mmoja wenu ni mwenye kampuni. Akazitia rangi ya kucha ya mke wa pasta. Tukawa tunacheza. Leo mvua imenyesha, korosho imepanda. Leo kiwanda kimeungua, imeshuka. Unauza kwa mwenzako, unanunua. Mimi nilifilisika mara mbili!" Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Ndipo nikaelewa. Kitabu kingesomwa mpaka Yesu arudi, nisingeelewa."

"Walikuwepo wengine wasiokuwa wanafunzi?"

"Bwana Kiponda wa chuo. Huyo ndiye mratibu, alikuwa akija kumwangalia Simeon kama anafundisha sawasawa. Anakuja na pikipiki, anaketi pale mlangoni penye upepo. Mtu mpole. Alikuwa akicheka tukifilisika."

"Alikuja kila darasa?"

"Kila darasa, isipokuwa la mwisho. La mwisho tulimngojea mpaka tukachoka. Tukamwekea zake kwenye jani la mgomba, hakutokea, watoto wakazila."

Kavata aliinua macho.

"Wakazila?"

"Korosho. Ndiyo siku tuliyoila kampuni." Pola alisema hivyo kama mtu anayetaja jambo la kawaida kabisa. "Simeon alisema mchezo usiofungwa hugeuka. Alisema, 'Hizi zikitoka hapa mifukoni mwenu, kesho kutwa mtu atamuuzia mwenziwe kweli kweli.' Akazikusanya zote akazihesabu mbele yetu, hakuna iliyokosekana. Tukawasha moto hapo nje tukazikaanga. Moshi wake waujua? Tulikohoa kama wenye kifaduro. Halafu tukazipasua, tukazitia chumvi, tukala. Mimi nilikuwa na haraka, nikapasua moja kwa meno ingali na utomvu, ndiyo ikanichoma hapa. Walioungua tulikuwa wengi. Kwa wiki nzima ungemjua mwanafunzi wa Simeon kwa mdomo wake; langu mimi halijatoka hadi leo."

Thuku, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote, aliuliza, "Mama, angeweza kutengeneza zingine? Korosho ni nyingi, na rangi ya kucha inauzwa dukani."

"Angeweza," Pola akajibu. "Hata wewe ungeweza. Lakini mimi nakuuliza, bwana askari. Mwizi gani anakusanya kijiji kizima kuwaonyesha kwamba mali anayotaka kuiba ni chakula?"

Kavata ndiye aliyeuliza tena.

"Wazee hawakuambiwa haya? Mbona wanakataa kuchimba?"

"Tuliwaambia. Wao hawakuja darasani, walisema hisa ni mambo ya watoto na wanawake. Sasa wamesikia amekufa na mfuko wa korosho mkononi. Mwanamke akisema hakuiba, wanajibu, nanyi aliwalisha." Pola aliinamisha uso. "Mama Kahaso hupita hapa kwenda kuteka maji. Watu wanageukia vichochoroni wasimsalimie. Mtu kanyimwa hata salamu, dada yangu."

*

Walishuka Junju siku hiyohiyo. Njiani Thuku alikuwa akipangusa jasho, na walipofika barabara ya Mtwapa akajisemea, "Angeweza kutengeneza zingine," lakini alisema kama anayejishikilia kwenye tawi analosikia likikatika.

Kavata alikuwa na kazi ya kukata. Mamlaka ilipofungua mafunzo ya walimu pale chuoni, wote walipigwa picha pamoja: walimu, waratibu, hata mpishi, kila mmoja na fulana yake ya kijani. Kavata aliikata picha ile kwa makasi ya kucha, nyuso peke yake, kila uso umeishia kidevuni. Fulana zote alizitia kwenye ashitrei ya gari.

Nyaboke alikuwa na kibanda cha sukuma wiki na dagaa wa omena kando ya barabara. Alipomwona Thuku, aliacha kukata mboga.

"Nilisema yote, Afande."

"Rudia kwa huyu madam," alisema Thuku.

"Rudia polepole," alisema Kavata. "Aliyekuuzia alikuja lini?"

"Wakati wa mvua ile ndogo. Alikuja na pikipiki, na hiyo fulana. Akasema ametumwa na serikali kufundisha watu hisa, na mkutano wa Ganze watu wametajirika. Akanifundisha vizuri, si uongo. Mvua ikinyesha inapanda, kiwanda kikiungua inashuka. Nikaelewa. Akaomba maji ya kunywa, akakaa hapo kwa hicho kiti. Nikanunua. Nilichukua hela ya kuongeza stoki." Alikata jani moja la sukuma, akaacha. "Aliniambia nisimwambie mume wangu mpaka zipande. Na mimi nikanyamaza, kama mjinga."

"Na siku ile aliyopigwa mtu?"

Nyaboke alikitazama kisu.

"Alikuja mwingine. Huyu alikuja kwa miguu. Alikuwa na hiyo fulana pia, kwa hivyo nilimkalia mkao wa vita. Yeye akanisalimia kwa heshima, akaniambia, 'Dada, mimi naitwa Simeon, hizi ulizouziwa ni mchezo wangu, mtu ameuiba. Nipe moja nipeleke kwa Mamlaka iwe ushahidi, nami nitaandika jina lako udai haki yako.' Nikamuuliza, na kwa nini umevaa kama mwizi? Akasema, 'Nimevaa ili mniamini.'"

Nyaboke alikisukuma kisu kando.

"Nikampa. Alikuwa amepita nyumba nyingi, mfuko ulikuwa umejaa. Nikaingia ndani kumtafutia nambari ya simu ya yule wa kwanza. Nikasikia kelele. Vijana wa stendi waliambiwa tu, mwizi ni mwenye fulana ya kijani. Hawakuwahi kumwona muuzaji, hata mmoja wao. Nilitoka nikapiga mayowe kwamba si yeye, si yeye. Wao walidhani nalia kwa sababu ya pesa zangu."

Thuku alikuwa amepoteza rangi.

"Mama, mimi nilikuja hapa nikakuuliza," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama fulana ni hii. Nikajibu fulana ni hii. Nilipoanza kuongea ukaniambia, inatosha mama, ukapanda gari." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuwa naogopa. Mtu ameuawa mlangoni mwangu na mfukoni mwake kuna korosho yangu."

Kavata alizipanga nyuso juu ya gunia la vitunguu.

"Usiharakishe. Huenda hayupo kabisa. Kama hayupo, sema hayupo."

Nyaboke alizipitia zote kwa ncha ya kidole bila kuzigusa. Kidole kikasimama juu ya uso wa kijana mwenye pengo na tabasamu la mtu anayepigwa picha kwa nadra.

"Huyu ndiye aliyeniomba korosho," alisema. "Huyu ndiye waliyemuua."

Kidole kikaondoka, kikatangatanga, kikatua tena.

"Huyu ndiye aliyekunywa maji yangu."

Thuku alisogea akaangalia. Alikuwa Kiponda.

"Shahidi mmoja," alisema Thuku barabarani, lakini sasa alisema kama mwenzake, si kama mpinzani. "Wakili wake atamla mzima. Atasema mama ana uchungu wa pesa, amechanganya sura."

"Ndiyo. Kwa hivyo tutamwomba Kiponda atusaidie. Yeye ndiye msimamizi wa mwalimu, au siyo?"

"Na yeye anasimamiwa na nani?"

Kavata alifungua mlango wa gari, ukaanguka nusu kama kawaida yake.

"Hilo ndilo nimelitafuta katika mkataba wote, sajini. Mwalimu tulimpa msimamizi. Msimamizi hatukumpa mtu."

*

Kiponda aliwapokea chuoni kwa maji ya madafu na kiti kizuri. Alikuwa nadhifu, mtu wa maneno laini ya mjini, anayesema "tafadhali" hata kwa feni.

"Msiba huu umenivunja," alisema. "Simeon alikuwa kama mdogo wangu. Lakini kijana ni kijana. Umaskini ni kitu kibaya."

"Ni kweli," alisema Kavata. "Tumekuja kufunga faili. Limebaki la utaratibu tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimkagua. Ulihudhuria madarasa yake?"

"Yote. Ndiyo amana niliyopewa."

"Hata la mwisho?"

"Hilo ndilo muhimu zaidi. Niliketi mahali pangu, pale mlangoni."

"Waliagana vipi?"

"Kwa sala. Pasta alifunga, kila mtu akachukua korosho zake akaenda kwake." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nami nilimwonya. Nikamwambia, Simeon bwana, kuwaachia watu vitu hivi ni hatari, vitaleta maneno. Hakunisikia. Yaliyofuata mmeyaona."

"Kwa hivyo korosho zilitoka kanisani mifukoni mwa watu?"

"Mifukoni, kwenye pindo za leso, popote."

"Uliona?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Hapakuwa na moto?"

Kiponda aliduwaa kidogo. "Moto? Moto wa nini, mchana?"

Thuku alikuwa akiandika maelezo. Aliacha.

"Bwana Kiponda," alisema Kavata, "ukienda leo kwenye lile kanisa, nje kuna jivu na maganda meusi mpaka sasa. Siku ya mwisho Simeon alizikusanya zote, akazihesabu mbele za watu, wakazikaanga. Moshi uliingia hadi madhabahuni, ukawatoa watu machozi. Nusu ya darasa waliunguzwa midomo na utomvu. Hakuna hata korosho moja iliyotoka pale. Mtu aliyekuwepo siku ile anaweza kusahau sala. Moshi ule hausahau."

"Labda... labda niliondoka mapema."

"Umesema uliona kwa macho mawili. Sajini, umeandika hivyo?"

"Nimeandika," alisema Thuku.

"Anayejua mchezo huu wote, mvua na kiwanda na rangi nyekundu, lakini hajui kwamba ulifungwa, ni mtu mmoja tu. Aliyeuanzisha upya Junju hakujua kwamba kampuni imeshaliwa. Kuna mama amekutambua. Pikipiki yako unayo hapo nje, na vijana wangu Nairobi wanaifuatilia nambari ya simu iliyopokea pesa. Lakini mimi nilitaka nikusikie wewe mwenyewe ukisema ulikuwepo."

Kiponda alitafuta mahali pa kuweka gilasi, akakosa, akaishika.

"Mimi sikumpiga mtu," alisema hatimaye. Ulaini wote ulikuwa umemtoka. "Mwandike hilo. Sikuwa hata karibu."

"Hukuwa karibu," alisema Kavata. "Simu yake inaonyesha alikupigia siku mbili kabla, sivyo? Kukueleza kwamba kuna mtu anauza mchezo wake Junju, na anataka kwenda kuwaonya watu. Msimamizi wake ni wewe, angemwambia nani mwingine? Ulimjibu nini?"

Feni ilizunguka.

"Nilimwambia avae fulana," alisema Kiponda.

Thuku aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Kwa jinsi alivyosimama, Kavata alidhani angempiga. Hakumpiga. Alimtia pingu taratibu, mkono mmoja kisha wa pili.

Nje ya ofisi ya upelelezi, Mama Kahaso alikuwa bado kwenye benchi lake. Kavata alichuchumaa mbele yake ili macho yakutane.

"Mama, hakuiba. Alikuwa akikusanya ushahidi ili watu warudishiwe haki yao. Sajini ataandika, nami nitaandika, na tutakwenda kuwaambia wazee wenyewe."

Mama alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu.

"Basi jina limerudi," alisema. Kisha akauliza kama mtoto, "Na yeye je?"

Kavata alimrudishia Thuku kalamu yake. Wote wawili waliweka sahihi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Basi Simeon alizikwa, na maziko kama yale hayajapata kuonekana Ganze. Kavata na Thuku waliwasomea wazee maelezo, na wazee wale wakalia kama watoto. Kijiji kizima kilikuja na majembe begani, wakanyang'anyana zamu ya kuchimba, mpaka kaburi likakaribia kuwa kisima. Mzee aliyetuma lile neno la jembe alishuka mwenyewe shimoni akawa wa mwisho kutoka. Na udongo ulipofukiwa tu, mvua ikanyesha, mvua kubwa ya...

"Babu," alisema Nelly, "hapo mimi sichapi."

Nelly ana duka la kompyuta hapa Malindi, karibu na soko, na ndiye anayenichapia kurasa hizi. Alikuwa ameondoa vidole kwenye herufi.

"Una nini wewe? Ni kweli tupu. Nimeapa kwa Sabaki."

"Pola ni mama yangu mdogo. Mimi nilikuwepo. Wazee walisomewa maelezo, wakasema 'tumesikia,' wakaenda makwao. Aibu iliwafunga miguu, hakuna aliyerudi. Kaburi walilichimba wanawake wa lile darasa, nami nikiwamo, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Yule askari wa Nyeri alivua shati akashuka nasi. Kavata alikuwa akituletea maji. Ardhi ilikuwa jiwe. Na mvua haijanyesha hadi leo."

"Nilitaka tu mama yule apate..."

"Hukumpa yeye kitu, Babu. Umewapa wao mikono safi ambayo hawana. Kwetu anayesema uongo juu ya kaburi hutoa kuku, akampeleka mwenyewe kwa mwenye msiba. Mpaka umpeleke, mashine hii imefungwa."

Nilibishana mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda sokoni, nikanunua jogoo mwekundu, nikampakata safari nzima hadi Ganze huku akinidonoa kama anayejua kosa langu.

Mama Kahaso alimpokea kwa mikono miwili. Alimfungua kamba miguuni, akamwacha atembee uani, kisha akaniuliza kama nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa kuchimba.

"Hapana, mama," nikasema. "Mimi ni wa Malindi. Nililetwa na uongo wangu tu."

Alimtazama yule jogoo akiparura vumbi.

"Karibu ukae," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuja na kuku."